Earle MacPherson: Mtu aliyebuni miguu ya gari dogo

Ukilitaja jina la Earle MacPherson katika gereji za kando ya Barabara ya Bombo, pale Kawempe, huenda fundi akauliza huyo ni mteja wa gari gani. Lakini fungua boneti ya Premio, Spacio, Wish au Vitz. Kushoto na kulia, karibu na kioo cha mbele, kuna vikombe viwili vya bati vilivyofungwa nati. Chini ya kila kikombe imesimama kazi ya mtu huyo: shokapu na springi iliyoizunguka, vikiwa mguu mmoja unaobeba uzito wa gari, kumeza mashimo na kugeuka pamoja na tairi dereva anapokata kona.

Mtu huyo amekufa zaidi ya miaka 60 iliyopita na habari zake hazina Kampala ndani yake. Hata hivyo, magunia ya maharage yanayotoka soko la Kalerwe, marobota ya mitumba yanayovuka Busia na mizigo midogo inayokwenda Elegu, Mutukula na Katuna hupanda juu ya wazo lake. Ni wazo hilo hilo ambalo leo vijana hulikata kwa grainda ili gari lilale chini, na ambalo wafanyabiashara hulilemea kwa mzigo hadi likae chini bila kukatwa. Wachache wanajua lilitoka wapi, na kwa nini lina tabia ya kulipiza kisasi likichezewa ovyo.

Earle Steele MacPherson alizaliwa Julai 1891 katika mji wa Highland Park, jimbo la Illinois, Marekani. Alisoma uhandisi Chuo Kikuu cha Illinois na kumaliza mwaka 1915, wakati magari yalikuwa bado kitu cha kushangaza hata kwao. Alikwenda Detroit, akaajiriwa na kampuni ya Chalmers. Vita Kuu ya Kwanza ilipoifikia Marekani, alipelekwa Ulaya kushughulikia injini za ndege. Aliporudi alifanya kazi Liberty, kisha miaka ya 1920 akaingia Hupmobile. Kampuni zote tatu hazipo tena. Detroit ya wakati ule ilikuwa kama mtaa wa maduka ya spea: leo umefungua, kesho umefunga, na fundi mzuri huhama na funguo zake.

Mwaka 1934 alihamia General Motors, na mwaka uliofuata akawa mhandisi mkuu wa usanifu wa tawi la Chevrolet. Hapo ndipo maisha yake yanapoanza kuwahusu watu wa huku.

Vita Kuu ya Pili ilipokuwa inaelekea ukingoni, wakubwa wa General Motors walikuwa na hofu. Baada ya vita ile ya kwanza uchumi ulikuwa umeyumba, na walidhani hali itajirudia na wateja watataka gari dogo la bei nafuu. Mwaka 1945 walitangaza mpango wa gari jepesi, na MacPherson akapewa usukani. Gari lenyewe likaitwa Cadet. Masharti yalikuwa magumu: libebe watu wanne kwa raha, liwe na uzito wa kama tani moja, na bei isifike dola 1,000.

Kwa wahandisi wengi wa Marekani, gari dogo lilikuwa gari kubwa lililopunguzwa. MacPherson hakukubali njia hiyo. Alitaka kila tairi lipande na kushuka lenyewe bila kulivuta la upande wa pili, jambo ambalo wakati ule magari mengi yalikuwa nalo kwa tairi za mbele tu, na kwa mikono miwili mizito ya chuma kila upande, mmoja juu na mwingine chini, springi katikati na shokapu pembeni. Vipande vingi ni uzito, na uzito ni pesa. Kwa bei ya dola 1,000 hesabu haikukubali.

Akaondoa mkono wa juu. Badala yake aliichukua shokapu yenyewe, akaifanya nene na imara, akaifunga moja kwa moja kwenye kitovu cha tairi, akaiweka springi juu yake, na ncha ya juu akaishikiza kwenye bodi la gari. Chini ukabaki mkono mmoja. Kifaa kilichokuwa cha kutuliza mtikisiko tu kikawa ndicho mfupa wa mguu.

Si kwamba hakuna aliyewahi kufikiri hivyo. Miaka ya 1920 Guido Fornaca wa Fiat, kule Italia, alikuwa amechora kitu kinachofanana nacho. Ila mchoro ni kitu kimoja na gari linaloweza kutengenezwa kwa maelfu ni kitu kingine, na hapa sifa ya MacPherson inasimama. Aliona kwamba bodi la gari jipya, lililochomelewa kama sanduku moja badala ya kukalishwa juu ya fremu, linaweza kubeba nguvu ya springi kule juu kabisa, karibu na boneti. Aliona pia kwamba sehemu mbili za kushikia mguu zikiwa mbali kiasi hicho, moja juu na moja chini, kosa la milimita chache kiwandani haliharibu msimamo wa tairi. Kwa kiwanda, hiyo ni nafuu kubwa. Na kati ya miguu miwili ilibaki nafasi pana ya injini, ambayo miaka mingi baadaye iliwawezesha watu wengine kuilaza injini kwa upana na kuendesha tairi za mbele. Bila nafasi ile, Vitz isingekuwa Vitz.

Aliomba hataza mwezi Machi 1947, kwa jina la General Motors. Mwaka huo huo mpango wa Cadet ulizimwa. Makadirio ya gharama yalikuwa yamepanda, bei ya dola 1,000 haikuwezekana tena, chuma kilikuwa adimu, na wateja waliokaa miaka ya vita bila gari jipya walikuwa wananunua chochote chenye magurudumu. Kwa mfanyabiashara uamuzi huo unaeleweka: nani atauza kidogo wakati kikubwa kinagombaniwa? Kwa MacPherson ilikuwa miaka miwili ya kazi kuwekwa stoo. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amevuka barabara kwenda kwa mshindani, Ford.

Inafaa kusimama hapa na kurudi Kawempe, kwa sababu ubora wa wazo lake na hatari yake vimo mahali pamoja.

Kushusha gari ni fasheni ya zamani duniani, na haikosi wapenzi Kampala. Gari lililolala linapendeza macho, na likifanyika kwa utaratibu linaweza hata kukaa vizuri zaidi barabarani kwa sababu uzito umekuwa karibu na ardhi. Shida ni njia ya mkato. Fundi anatoa mguu, anakata mzunguko mmoja au mmoja na nusu wa springi, anarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Mbaya zaidi ni kuichoma springi kwa moto wa gesi ikiwa bado kwenye gari hadi inywee. Springi ni chuma kilichopikwa na kupozwa kwa kipimo ili kikumbuke umbo lake. Ukikichoma ovyo kinasahau. Itaendelea kunywea siku hadi siku, upande mmoja kuliko mwingine, au itakatika shimoni.

Springi iliyokatwa baridi haina dosari hiyo, lakini ina nyingine. Ugumu wa springi hutegemea idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Ikiwa ilikuwa na mizunguko sita na ukaondoa mmoja, iliyobaki ni ngumu zaidi kwa asilimia 20. Hilo peke yake si baya. Baya ni kwamba shokapu ilitengenezwa kwa springi ile ndefu na laini. Sasa inasukumwa na kitu kigumu zaidi, na pistoni yake inafanya kazi chini kuliko ilivyopangiwa. Tuseme ilikuwa na nafasi ya sentimita 8 kabla ya kugonga mpira wa kuzuia. Gari limeshuka sentimita 4, nusu ya nafasi imekwisha kabla hata abiria hajapanda. Weka watu wanne na magunia mawili, kisha ingia Bwaise baada ya mvua, pale ambapo maji huficha mashimo. Kila pigo sasa linapita mpira na kwenda moja kwa moja kwenye kile kikombe cha bati chini ya boneti. Kikombe kikianza kupasuka au kuvimba, hilo si tatizo la spea tena. Ni bodi la gari.

Kuna pia upande wa pili ambao hufikiriwa mara chache. Gari likiruka tuta na tairi likaning'inia, springi iliyokatwa huwa fupi kuliko nafasi yake. Inalegea, inahama kwenye kikalio, na tairi likirudi chini inaweza kukaa upande. Mlio wa koko-koko unaosikika gari linapovuka tuta mara nyingi ndio huo. Ncha iliyokatwa kwa grainda, isipolingana na kikalio cha chini, hufanya hivyo hivyo hata bila tuta.

Halafu kuna jiometri, na hapa ule mkono mmoja uliobaki chini unadai haki yake. Kwenye gari la kawaida mkono huo hulala karibu sambamba na ardhi, au huinama kidogo kuelekea tairi. Ukishusha gari kupita kiasi, ncha ya nje inapanda juu kuliko ya ndani. Tangu hapo kila bodi linapoegemea kwenye kona, tairi la nje badala ya kusimama wima huegemea pamoja nalo, na gari hulala zaidi kuliko lilipokuwa juu. Dereva anadhani gari lake sasa ni la mashindano, kumbe limekuwa zito wa kukata kona. Tairodi nayo imebadili pembe, kwa hiyo usukani hujivuta wenyewe kila tairi likipanda jiwe. Shafti za kuendesha tairi za mbele zinafanya kazi kwa pembe kali zaidi na raba zake hupasuka mapema. Taa za mbele zimehama mahali pake. Na tairi huliwa upande wa ndani, mahali ambapo mtu haoni hadi nyuzi zitokeze.

Anayetaka kushusha bila kujiumiza hufuata alichofanya MacPherson mwenyewe: anauchukulia mguu kama kitu kimoja. Hanunui springi peke yake. Hununua springi fupi iliyotengenezwa hivyo kiwandani, pamoja na shokapu fupi inayolingana nayo, na mipira ya kuzuia iliyofupishwa kwa kipimo hicho. Hubadilisha kushoto na kulia kwa pamoja, na akiwa hapo huweka maunti mpya za juu, maana zile za zamani huwa zimeshachoka. Springi nyingi za barabarani za aina hiyo hushusha gari kati ya sentimita 2 na 4. Kwa gari dogo la Kijapani ambalo tangu mwanzo lina nafasi ya sentimita 15 hivi chini yake, na kwa matuta ya Kampala, sentimita 2 au 3 zinatosha sana. Baada ya hapo ni alaimenti, si siku hiyo tu bali tena baada ya wiki chache springi zikishakaa, na kuelekeza taa upya. Mpira wa breki nao ukaguliwe usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho pande zote mbili.

Kazi ya kutoa springi kwenye mguu ndiyo inayoumiza mafundi. Springi ikiwa imebanwa ina nguvu ya kubeba robo ya gari. Vibanio viwili vilivyopangwa kuelekeana, vikikazwa kidogo kidogo kwa zamu, ndivyo vinavyoiweka salama, na nati ya juu haifunguliwi mpaka springi icheze mkononi. Gereji inayotumia waya au kamba badala ya vibanio si ya kuachiwa gari, hata ikiwa na bei nzuri kuliko zote Kawempe.

Kuna wanaoshusha bila kujua. Mfanyabiashara anayepakia Noah au Probox hadi dirishani amelishusha gari lake sawasawa na yule kijana mwenye grainda. Mkono wa chini unapanda, shokapu inakaa kwenye mpira, breki zinachukua umbali mrefu zaidi, na taa za mbele zinaangalia mawinguni kwa sababu mzigo umekaa nyuma. Tofauti ni kwamba mzigo hushushwa jioni na springi iliyokatwa hairudi. Wengine hujibu kwa kuweka vipande vya mpira au chuma juu ya mguu ili gari liinuke. Hiyo huongeza nafasi chini ya gari, lakini haiongezi hata kilo moja ya uwezo wa springi.

MacPherson alipofika Ford alikuta wateja wa aina nyingine. Tawi la Uingereza lilikuwa linaandaa magari mapya madogo, ya kwanza kwao kuwa na bodi la sanduku moja, na ndilo lililolihitaji wazo lake. Mwaka 1949 aliomba hataza ya pili, safari hii kwa jina la Ford. Zote mbili zilitolewa mwaka 1953. Wakati huo mguu wake ulikuwa tayari barabarani. Oktoba 1950, kwenye maonyesho ya Earls Court mjini London, Ford walionyesha Consul na Zephyr, na mwaka uliofuata zikaanza kuuzwa.

Zephyr ilifika huku haraka. Mwaka 1953 mashindano ya magari ya Afrika Mashariki yalianzishwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika wakati barabara hizo nyingi zilikuwa vumbi na tope tupu. Mwaka 1955 Vic Preston na D.P. Marwaha waliyashinda wakiwa na Ford Zephyr. Walioidharau miguu hiyo myembamba yenye mkono mmoja walipata jibu kwenye udongo wa hapa hapa. Baadaye Peugeot 404, nayo ikiwa na miguu ya aina hiyo mbele, iliyachukua mara nne, na Ford Cortina ya Peter Hughes na Bill Young mara moja, mwaka 1964. Mwaka 1973 mshindi alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972. Datsun 240Z aliyoendesha ilisimama juu ya miguu ya namna hiyo kwenye tairi zote nne. Magari ya mashindano yale yaliandaliwa kwa kuinuliwa na kuimarishwa, si kwa kushushwa.

MacPherson mwenyewe alipanda cheo. Mwaka 1952 alikuwa makamu wa rais wa Ford anayesimamia uhandisi, nafasi ya juu kabisa kwa mtu wa fani yake. Hata hivyo, kwa nafasi yote hiyo, Ford za Marekani ziliendelea na mikono miwili ya chuma. Petroli ilikuwa rahisi, magari yalikuwa marefu kama mitumbwi, na hakuna aliyesumbuliwa na kilo chache. Alistaafu mwaka 1958 na kufariki Januari 1960, akiwa na umri wa miaka 68. Aliyoyaona ni Consul, Zephyr na Anglia za Waingereza. Corolla haikuwapo hata kwenye karatasi. Ilizinduliwa mwaka 1966, ikiwa na shokapu zake mbele.

General Motors, waliouzima mpango wake mwaka 1947, waliurudia mguu huo kwenye Chevrolet yao mpya ya mwaka 1980, Citation, baada ya bei ya mafuta kuwafundisha Wamarekani kupenda gari dogo. Cadet haikuuzwa hata moja.